Mjumbe wa Kamati ya Mafuriko

Mkono niliunyoosha mwenyewe. Hakuna aliyenilazimisha, wala sikuwa nimelewa. Nilikuwa nimekunywa kahawa na biskuti mbili za bure, basi.

Ilikuwa Oktoba, kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa jumuiya ya mtaa wetu hapa Edmonton, Kanada. Mji huu una jumuiya kama hizo zaidi ya 150, na ya kwanza ilianzishwa mwaka 1917. Mimi kichwani niliichukulia kama serikali ya mtaa, nikakosea, maana haina mjumbe wa nyumba kumi, haikuandikii barua ya utambulisho, na muhuri haina kabisa. Yenyewe inatunza ukumbi, inaandaa sherehe za majirani na kuhakikisha watoto wana pa kucheza. Pesa inapata kwa ada za wanachama, na pia kwa wanachama kwenda kujitolea siku mbili kwenye kasino, halafu jumuiya inapewa sehemu ya mapato. Ndiyo, kasino ya kamari. Utaratibu wa jimbo la Alberta unaruhusu. Mama yangu ni mwalimu wa madrasa; hiyo habari bado sijampelekea.

Basi, tukafika kwenye mengineyo. Mwenyekiti, mama mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la tatu, akauliza: "Na mafuriko ya mwaka huu, nani atasaidia?"

Ukumbi ukawa kimya. Kila mtu akaanza kukagua viatu vyake.

Sasa naomba mnielewe. Mimi nimekulia Magomeni, Dar es Salaam, na kutoka kwetu hadi bonde la Jangwani ukipeleka chupa ya chai inafika ya moto. Desemba 2011, Mto Msimbazi ulipofurika, nililiona friji la mtu likipita na maji kwa mwendo ambao daladala za Morogoro Road hazijawahi kuufikia. Halafu leo nasikia mafuriko, mto North Saskatchewan uko bondeni hapo chini, na mimi na familia yangu tumepanga beizimenti, yaani nyumba ya chini ya ardhi ambayo dirisha lake linatazamana na magome ya miti. Ningenyamazaje?

Nikasimama, nikatoa hotuba. Nikawaambia wasafishe mitaro mapema. Nikawaambia wazee na watoto watangulie, vyeti vyote vifungwe kwenye nailoni, na mtu asirudi ndani kufuata godoro. Nikagusia na friji. Mama mmoja wa nyuma akafuta machozi. Wakapiga makofi, jina langu likaandikwa, na mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema ameifanya kazi hii peke yake miaka mingi, hajawahi kupata mwenzake mwenye ari namna hii.

Nilirudi nyumbani kifua mbele. Mke wangu akauliza swali moja tu, kama kuna posho.

Siku zikapita, nikasahau. Desemba ikaingia, ile Desemba ya huku ambayo saa kumi na robo jioni jua limeshazama na watu wanawasha taa kupika chakula cha jioni. Jumamosi moja, saa mbili usiku, nje nyuzi 22 chini ya sifuri, simu ikalia. Mzee wa ndevu.

"Rafiki," akasema, na sauti yake ilikuwa ya furaha, jambo ambalo lilipaswa kunishtua, "mafuriko ni leo. Njoo uwanjani."

Nikamuuliza kama watu wengine wameshaambiwa. Akasema hapana, tutatosha sisi wawili.

Nikakata simu. "Mama, amsha watoto!"

Mke wangu ana akili kunizidi, hilo hata ukoo wangu wanalijua. Akauliza maji gani yatafurika usiku huu ilhali hata mate yanaganda. Nikamjibu kitaalamu: barafu ikiziba mto, maji hutafuta pa kupitia. Jibu lilikuwa zuri mno, likamshinda. Tukaanza kazi. Pasipoti na vyeti vya kuzaliwa ndani ya nailoni. Televisheni juu ya meza, meza juu ya kitanda. Mfuko wa unga wa sembe, kilo 20, tuliununua duka la Kihindi upande wa kusini wa mji. Huo niliupandisha juu ya kabati mwenyewe, nikaumia kiuno. Mtoto wetu wa kiume, wa miaka minane, akawa ananivuta koti. "Baba, shuleni walisema mafuriko ya uwanjani ni ya..."

"Nyamaza, beba begi."

Kwa hiyo ndivyo tulivyofika uwanjani, watu wanne, mabegi matatu na chupa ya chai, mimi mbele. Mzee alikuwa amesimama chini ya taa peke yake na mpira wa maji mkononi. Alitutazama. Alitazama mabegi. Akasema amefurahi sana kuona nimeleta familia nzima.

Hapo ndipo nilipofahamishwa, na aliyenifahamisha ni yule mtoto. Kwa Kiingereza cha huku, neno lile lile la mafuriko ndilo wanalotumia kwa kumwagia maji uwanja usiku ili yagande, watoto wapate kuteleza na kucheza hoki. Ndiyo kazi ya kamati. Hakuna msiba wowote. Mitaro haihusiki.

Mke wangu hakusema neno. Alimimina chai, akanywa yote bila kunigawia, akawachukua watoto na mabegi, wakarudi nyumbani. Mimi nikabaki. Ningeondokaje, na hotuba niliitoa mwenyewe?

Kazi yenyewe ukiiona utaidharau. Kwanza unakwangua theluji yote, hadi ya pembeni kwenye mbao. Kisha unamwaga maji tabaka jembamba, unatembea ukirudi nyuma huku ukiyumbisha mpira wa maji taratibu kama mtu anayepaka chokaa, unaliacha ligande, unarudia. Ukikosea kwa wingi, uso wa barafu unakuwa na mawimbi. Na usisimame mahali pamoja. Hilo mzee alilirudia mara tatu, kisha akaniachia mpira akaenda kibandani kupasha vidole moto.

Nikaanza vizuri. Kushoto, kulia, nyuma. Nikajisikia fundi. Nikasema, lakini hili jambo nyumbani watalionaje? Kosa langu la pili. Nikampigia mama kwa video. Dar ilikuwa asubuhi.

Mama akatazama sana. "Mwanangu, hapo unamwagilia nini?"

"Barafu, mama."

"Ili iote?"

Nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akageuka kumwambia mtu aliyekuwa naye chumbani, sijui nani, kwamba sisi huku maji ni ya mgao, ndoo tunajaza usiku wa manane, na huyu tuliyemchangia nauli anamwaga chini. Nikajaribu kujitetea. Nikamwelezea na hoki. Dada zangu wakaitwa waje waone. Shangazi wa nyumba ya pili akaitwa. Nadhani nilisimama pale dakika kumi nikiwaeleza, mkono mmoja una simu, mwingine mpira, hadi simu ikazimika kwa baridi ikiwa na chaji zaidi ya nusu.

Nikataka kugeuka. Kiwiliwili kikageuka, miguu ikakataa.

Buti zangu zilikuwa zimeganda hadi kifundoni, ndani ya kichuguu cha barafu nilichokijenga mwenyewe huku nikisalimiana. Nikavuta. Nikavuta kwa bismillahi. Nikaita, "Mzee!" Mzee akiwa kibandani huvua vifaa vyake vya kusikilizia, hilo sikuambiwa. Mpira nao ukaanza kuganda mdomoni, ukatema matone mawili ya mwisho, ukanyamaza.

Nikafungua kamba, nikachomoa miguu, nikaanza kukimbilia kibandani kwa soksi juu ya barafu niliyoilaini mimi mwenyewe kwa ustadi. Hatua ya tatu sikuipiga. Nilifika mlangoni kwa makalio, kwa kasi, nikaupiga teke. Mzee akafungua akiwa na kikombe cha maziwa ya kakao, akanitazama pale chini, akatazama buti zangu zimesimama peke yake katikati ya uwanja chini ya taa kama mtu ameyeyuka akaziacha. Akacheka hadi akakaa.

Buti zilitolewa asubuhi kwa birika saba za maji ya moto na shoka. Kichuguu hakikutoka. Kilibaki mita chache mbele ya goli hadi Machi, na vijana wa hoki wakajifunza kukigongesha mpira wao ili ubadilishe njia na kumpotosha golikipa. Timu za mitaa mingine zikija zililalamika.

Nyumbani televisheni ilirudi mahali pake siku ile ile, na meza, na vyeti. Unga bado uko juu ya kabati. Mke wangu anapanda kiti kila akitaka kusonga ugali, na kila nikijitolea kuushusha anakataa. Anasema Oktoba inakaribia, mkutano upo, na mume wake akiona watu wamenyamaza hujulikana atafanya nini.