Shemeji, weka chini huo mkasi

Jumapili iliyopita shemeji yangu alinipigia simu akiwa na haraka zake. "Shemeji, una nafasi jioni? Nataka unishikie ndege, mimi nikate." Baji wao, yule kasuku mdogo wa kufugwa, ana wiki tatu tu nyumbani. Kila akifunguliwa tundu anarukia juu ya pazia na kushinda huko, hashuki mpaka giza liingie. Watoto wameona kwenye simu baji wa watu anayetembea begani, na sasa wanataka wa kwao awe hivyo hivyo. Ameambiwa dawa ni moja tu, kukata mabawa, yaani kupunguza manyoya marefu ya bawa asiweze kuruka. Mkasi uko mezani, kilichokosekana ni mkono wa pili.

Nilikataa kwa ukali ambao yeye hakuustahili. Mimi nimewahi kukata.

Ni miaka mingi sasa. Aliyeniuzia ndege aliniambia ni kama kukata kucha, huwezi kukosea. Nikamfunika kwa taulo, nikambana kifuani asifurukute. Akafungua mdomo. Nilidhani anataka kuning'ata, kumbe anatafuta pumzi. Ndege hana kiwambo chini ya mapafu kama sisi. Hewa inaingia kwa kifua chenyewe kupanda na kushuka, kwa hiyo ukikibana kidari umemkaba, hata kama pua na mdomo viko wazi. Nilishtuka macho yalipoanza kulegea, nikafungua vidole. Nikamwacha apumue, halafu, na hili ndilo linaloniuma mpaka leo, nikaendelea kukata.

Unyoya wa tatu au wa nne ulikuwa mchanga. Anayejua kazi huligeuza bawa, akatazama mashina upande wa chini. Shina la unyoya uliokomaa ni jeupe na kavu. La unyoya unaokua ni jeusi-jeusi, limevimba kidogo, kwa sababu lina damu ndani. Mimi sikugeuza chochote. Tone la kwanza likaangukia taulo, likafuatwa na jingine. Baji mzima ana uzito wa gramu 30 hadi 40, na damu yake yote haijazi kijiko cha chai. Matone ambayo wewe ungeyafuta ukaendelea na kazi zako, kwake ni sehemu kubwa ya uhai. Nikabana pale kwa pamba na unga wa wanga, mkono unanitetemeka, mpaka ikakatika.

Jioni ile alipanda juu ya tundu lake kama kawaida, akajirusha kuelekea dirishani. Alianguka kama kokwa. Akatembea kurudi kwenye tundu, akapanda kwa mdomo na kucha, akajirusha tena. Sauti ya kidari kikigonga sakafu ni ndogo sana, lakini bado naisikia.

Baada ya wiki moja kila mgeni alikuwa akimsifu, "huyu ndege mpole." Hapo ndipo penye kosa letu kubwa. Hakuwa mpole. Alikuwa amekosa pa kukimbilia. Nilipopeleka mkono alinywea, manyoya yakamlala mwilini, jicho likakaza, akapanda kidole kwa sababu kukataa hakukuwa na maana tena. Mimi nikauita huo urafiki.

Mfikirie mwenyewe alivyo. Asili yake ni nyika kame za Australia, ambako hutembea kwa makundi akifuata maji na mbegu za nyasi, na anayemtaka humjia kutoka juu akiwa ametanguliza kucha. Mkono wako unaoshuka ndani ya tundu kutoka juu, kwake ni mwewe. Kinga aliyopewa ni moja tu, kuruka. Ukiikata hujamwondolea woga. Umemwachia woga wote, ukachukua kilichokuwa kikimsaidia kuubeba. Mtu aliyefungiwa mlango akatulia huwezi kusema amekupenda, na ndege ni vilevile.

Cha kusikitisha zaidi ni kwamba ukishamkata, unapoteza njia kubwa ya kujua unaendeleaje. Baji mwenye mabawa hukuambia kila kitu. Akirukia pazia umemharakisha. Akibaki palepale umesogea kwa mwendo anaouweza. Akikujia, amekuja kwa hiari yake. Yule wangu manyoya yalipomrudia, na yalichukua miezi kwa sababu unyoya uliokatwa haurefuki, husubiri mpaka uanguke na mwingine uote, alinikimbia kama siku ya kwanza. Upole wote ule haukuacha hata chembe. Nilianza upya, na safari hii nilianza kwa kukaa tu karibu na tundu nikisoma kwa sauti.

Kuna wanaokata kwa kuhofia usalama, na hofu yao naielewa. Lakini dirisha hufungwa, feni huzimwa, sufuria hufunikwa, na yote hayo hufanywa kabla ya mlango wa tundu kufunguliwa. Aliyekatwa akitolewa nje bado upepo unaweza kumbeba, na paka akitokea hana namna. Sitaji kunenepa na kudhoofika kwa ndege asiyeruka, maana kila mfugaji amekwisha kuwaona.

Nikubali lililo kweli. Unyoya uliokomaa ukikatwa hauumi. Wapo madaktari wa wanyama wanaopunguza manyoya machache ya nje, mabawa yote mawili kwa usawa, ili ndege ateleze hewani hadi chini badala ya kudondoka, na wapo ndege ambao kwa sababu maalumu wanahitaji hivyo. Sawa. Daktari huyo ameziona mbawa nyingi, na anajua kumshika ndege shingoni kwa vidole viwili bila kugusa kidari. Wewe na mimi, na mkasi wa jikoni, na mtoto anayeshika taa ya simu, hatumo humo. Anayekata bawa moja ili ndege azunguke na kuanguka, hata sijui nimwambie nini. Na kinda ambaye hajawahi kuruka hata mara moja asiguswe kabisa.

Shemeji alinuna siku mbili. Siku ya tatu nikaenda kwake, mikono mitupu. Tuliwatoa watoto sebuleni, tukafunga madirisha, nikamwonyesha namna ya kushika shuke la mtama kwenye waya za tundu, chini ya usawa wa macho ya ndege, bila kumkodolea. Dakika kumi asubuhi, kumi jioni. Baji alikaa kwenye kijiti cha mwisho kabisa akitutazama kwa jicho moja.

Jana usiku kanipigia tena, safari hii kwa kunong'ona. Ndege amesogea vijiti viwili, ameng'oa punje moja, amerudi nyuma, na sasa amekuja tena. "Shemeji, nifanye nini?"

Nikamwambia asisogeze mkono.