Wachambuzi, Chuga (Arusha) mmeiacha wapi?
Mwandishi, nimesoma makala yako ya muziki na filamu zetu. Hao wachambuzi wako wanabishana kama amapiano, mdundo wa Afrika Kusini, imeua Bongo Fleva, halafu wote wanataja wasanii wa Dar tupu. Kundi la X Plastaz wa hapa Arusha walianza miaka ya 1990, wakachanganya rap na uimbaji wa Kimaasai, na mwaka 2004 albamu yao ikatoka Ulaya. Merege wa kundi hilo alikuwa anaimba Kimaa, lugha ya Wamaasai, chalii asiyejua Kimaa haambulii kitu na bado anatikisa kichwa. Baadaye wakaja wana rap wengine wa hapa, kina Joh Makini na kundi la Weusi. Kwa hiyo kuchukua mdundo wa Afrika Kusini siyo dhambi, rap yenyewe ilitoka Marekani. Shida ni unaongeza nini chako, na hapo nyimbo nyingi za sasa, kusema kweli, ni kiitikio kimoja, jina la pombe, basi.

Kuhusu filamu, nipo na yule dada aliyelalamikia sauti mbovu kwenye makala yako. Picha safi, droni juu ya Mlima Meru, lakini mwigizaji akifungua mdomo unasikia upepo. Kamera mpya wananunua, fundi sauti hawamlipi. Halafu mtu wa Arusha kwenye filamu lazima awe mkorofi mwenye kisu, mbona?