Bandari 90 kwa kuvutwa: lawama isiyoistahili USS Constitution

Kila linapozuka wazo la kuitoa manowari ya zamani gatini na kuizungusha bandarini kwa ziara ya kirafiki, watu hugawanyika. Wahifadhi husema mbao za miaka mia mbili hazina tena kazi na mawimbi. Wenzao hujibu kwamba chombo kisichoondoka gatini ni jumba la makumbusho lenye milingoti. Mfano unaofaa kuwapima wote wawili ni mmoja: USS Constitution, merikebu ya Jeshi la Wanamaji la Marekani iliyoshushwa majini Boston tarehe 21 Oktoba 1797. Kati ya Julai 1931 na Mei 1934 ilivutwa kwa kamba kwenda bandari 90 za Atlantiki, Ghuba ya Meksiko na Pasifiki. Mwenye kuipinga safari ile huiita kamari iliyobahatika. Ukiyafuatilia mambo ya kiufundi ambayo kwa kawaida hurukwa, kamari huioni.

Anza na hali ya mbao. Ukaguzi wa 1924 ulikuta maji yakipigwa bomba kila siku ili isizame, na tezi, yaani sehemu ya nyuma, ikiwa katika hatari ya kubanduka. Waziri wa Jeshi la Wanamaji, Curtis Wilbur, aliwageukia watoto wa shule, na senti zao, kwa msaada wa chama cha Elks, zikafika dola 148,000. Makadirio ya kwanza yalikuwa dola 400,000. Hesabu ya mwisho ikawa kama 946,000. Michango yote, pamoja na mauzo ya vipande vilivyotolewa melini, ilipita dola 600,000, na Bunge likaidhinisha hadi 300,000 kuziba pengo. Merikebu iliingia gudini, mahali pa kukarabatia meli nje ya maji, Juni 1927. Ilipotoka Machi 1930, takriban asilimia 85 yake ilikuwa imefanywa upya.

Mbao zenyewe hazikuwa za kuokoteza. Huko Pensacola, Florida, jeshi lilikuwa na tani kama 1,500 za ule mwaloni wa kusini usiopukutisha majani, zilizozamishwa tangu miaka ya 1850 kwa mpango wa kuunda meli ambao haukuanza kamwe. Mwaloni huu ukianikwa juani hupasuka. Ukilazwa majini utomvu hutoka taratibu, na kuvu haipati hewa ya kuishi. Halafu, tangu kutoka gudini hadi kukabidhiwa mabaharia tarehe 1 Julai 1931, merikebu ilikaa majini miezi 15 ikifungwa milingoti na kamba. Huo ni muda wa kutosha mbao kuvimba, mishono ya kalafati, zile nyuzi za kuziba nafasi kati ya mbao, kubana, na tundu lolote linalovuja kujionyesha hapo hapo nyumbani. Kwa miongo kadhaa kabla yake haikuwahi kuwa tayari kwa bahari kama ilivyokuwa kiangazi kile.

Kinachodharauliwa zaidi ni kuvutwa. Merikebu yenye matanga ya zaidi ya mita za mraba 3,900 inaburutwa na Grebe, meli ndogo ya kutegua mabomu ya baharini! Lakini vitani mwaka 1812 Constitution iliendeshwa na watu zaidi ya 450. Kamanda Louis Gulliver alipewa maofisa na mabaharia 60, na askari wa majini 15. Kwa idadi hiyo huwezi kupanga zamu za kupanda foromali, yaani boriti za kuning'inizia matanga, za milingoti mitatu usiku na mchana, na upepo hausomi ratiba ya meya anayekusubiri gatini Jumamosi saa nne asubuhi.

Tena kuvutwa, kukifanywa vizuri, huilinda meli kuliko tanga. Tanga likijaa upepo husukuma mlingoti, mlingoti husokota mwili mzima, na mbao husuguana kwenye viungo. Amari ya kuvutia, ile kamba nene, nayo ina masharti yake. Huishia kwenye minyororo miwili, mmoja kila upande wa omo, yaani sehemu ya mbele, ili uzito usikae kwenye ubao mmoja. Urefu wake hupangwa ili vyombo viwili vipande wimbi pamoja: kimoja kikipanda wakati mwenzake anashuka, amari hukakamaa ghafla na kuigutua omo, na mgutuo huo ndio unaolegeza misumari na kufungua mishono. Inapogusa mbao huvishwa ngozi au magunia yenye mafuta, na mtu huikagua kila zamu, kwa sababu amari hukatikia pale inaposuguliwa. Hakuna anayesimama kwenye mstari wake, maana ikikatika hurudi kwa nguvu ya kuua. Uzito huwekwa nyuma kidogo, la sivyo chombo huyumba huku na huku kama tiara. Kwa hili Constitution ilikuwa na bahati ya maumbile: huzama mita 7 tezini na mita 6.4 omoni. Na zaidi ya yote, anayevutwa anaweza kungoja. Bahari ikichafuka, msafara hujificha kwenye ghuba siku mbili kisha ukaendelea.

Sasa ile idadi. Zaidi ya watu milioni 4.6 walipanda merikebu hii katika ziara, nayo hutajwa kama pambo la mwisho wa habari, ilhali ndiyo hoja yenyewe. Tangu 2 Julai 1931 hadi 7 Mei 1934 ni siku 1,040. Gawanya, upate watu 4,400 kwa siku, ukihesabu hata siku za baharini, za Mfereji wa Panama na za matengenezo. Tuseme ilipokea wageni siku mbili katika kila tatu: wanakaribia 6,600. Kwa saa nane za mchana ni watu 14 kila dakika, na wote hao wanashuka ngazi zenye mwinuko mkali kwenda kwenye sitaha ambazo mtu mrefu hainui kichwa. Ndiyo maana kabla ya safari ilitiwa taa za umeme, mabomba ya maji, vyoo na bafu za kisasa. Waliotaka usahihi wa 1812 hawakupendezwa, lakini bila taa sitaha za chini ni giza, na giza pamoja na umati ni mtu kuvunjika mguu.

Idadi hiyo ina kasoro yake: anayepanda mara mbili huhesabiwa mara mbili. Punguza theluthi nzima kwa ajili hiyo, bado unabaki na watu zaidi ya milioni 3 katika nchi ambayo sensa ya 1930 iliihesabia watu milioni 122.8. Bila kupunguza, ni kama mtu mmoja katika kila 27. Ukizigawa zile dola 946,000 za ukarabati kwa wageni wa ziara peke yao, kila mmoja anaangukia kama senti 20. Na fikiria nani walikuwa wageni hao. Mwaka 1933 karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne Marekani hakuwa na kazi. Mtoto wa Bellingham, jimbo la Washington, aliyetoa senti yake darasani, alikuwa karibu kilomita 4,000 kutoka Boston. Kwa wazazi wake nauli ya treni ilikuwa ndoto. Meli iliyojengwa upya kwa senti zake ikaja mpaka bandari ya kwao. Mimi sioni njia nyingine ambayo deni lile lingelipwa.

Watu kwa uzito wao hawakuwa tatizo. Wageni 500 kwa pamoja ni kama tani 35. Mzinga mmoja wa ratili 24, yaani uzito wa risasi yake, una tani mbili na nusu, na sitaha ya mizinga iliundwa kubeba 30 ya namna hiyo. Wageni huchakaza ngazi, vishikio na mbao za kukanyagia, vitu ambavyo seremala wa meli hubadilisha bila kugusa hata taruma moja, yaani ubavu wa ndani wa meli.

Upande wa wahifadhi una hoja moja nzito kuliko zote. Meli ya mbao ndefu na nyembamba hupinda mgongo: maji huinyanyua kwa nguvu katikati, kwenye tumbo pana, kuliko kwenye ncha, kwa hiyo omo na tezi huinama na mkuku, ile boriti ya chini kabisa, hukunjika. Wasanifu wa Constitution walilijua hilo, wakaweka ndani mbao nzito za mshazari kutoka mkukuni kwenda juu kupeleka uzito wa ncha katikati. Mbao hizo ziliondolewa katika matengenezo ya zamani na hazikurudishwa hadi ukarabati wa 1992 hadi 1995. Maana yake ni kwamba merikebu ilizunguka bahari mbili bila uti wake kamili. Ilipopandishwa gudini 1992 mkuku ulikuwa umepinda inchi 13, yaani sentimita 33. Ilibidi iachwe ijinyooshe taratibu juu ya magogo, na mradi wote ukala dola milioni 12. Kipimo kwenye mfano mdogo wa meli kilionyesha kuwa mbao za mshazari huongeza ugumu wa mwili kwa asilimia 10.

Asiyeishtukia hoja hii hajui meli. Ila itazame kalenda. Toka mwisho wa ziara hadi 1992 ni miaka 58, na karibu yote merikebu ilikuwa imefungwa Boston. Ziara ilikuwa miaka isiyofika mitatu. Maji hunyanyua tumbo la meli usiku na mchana hata isipotikisika, kwa hiyo mzigo mkubwa wa zile inchi 13 unaangukia gatini.

Hata gudi kavu si hifadhi salama. HMS Victory ya Uingereza imo gudini Portsmouth tangu 1922, na kwa kukosa maji ya kuibeba pande zote, mwili wake ulielemea vikalio mpaka ikabidi uwekewe nguzo mpya 134 za kugawa uzito. Adui mwingine ni mvua: maji ya chumvi huzuia kuvu, ya mvua huilisha, na ndiyo sababu mafundi wa zamani walijaza chumvi kati ya mataruma. Mvua ya Boston ni ileile, uondoke usiondoke.

Kuhusu neno "kirafiki", hapo wakosoaji wana haki zaidi. Merikebu hiihii ilipita Zanzibar mwishoni mwa 1844, enzi ya Sayyid Said, katika safari ya kuzunguka dunia chini ya Nahodha John Percival, ikaondoka kwa amani. Mei mwaka uliofuata huko Da Nang, Percival aliwakamata maofisa wa Vietnam akitaka mmisionari Mfaransa aachiliwe, na akashindwa. Mizinga gatini huwa na maana mbili kwa mgeni. Ziara ya 1931 ilikwepa utata huo kwa sababu, ukiacha Panama, karibu kila bandari ilikuwa ya wenye meli wenyewe.

Je, irudiwe? Si kwa sura ile. Mwaka 1933 Constitution iliingia Ghuba ya San Francisco kabla Golden Gate, mlango wa ghuba hiyo, haujawa na daraja. Leo daraja lina nafasi ya kama mita 67 juu ya maji, na mlingoti mkuu una urefu kama huohuo, kwa hiyo ncha zake zingeshushwa kwanza. Tangu 1934 haikulala nje ya Boston hadi Julai 1997, ilipovutwa hadi Marblehead na kusafiri kwa matanga sita kwa takriban dakika 40. Mizunguko ya bandarini kila mwaka huigeuza ili jua na mvua visile ubavu mmoja.

Kinachowezekana ni ziara fupi ya pwani ya kaskazini mashariki, kiangazi kimoja, ya kuvutwa, katika miaka ya mwanzo baada ya gudi, mbao za mshazari zikiwa mahali pake. Sharti la gudi lilitimia Julai 2017, merikebu ilipotoka gudini na mbao 100 mpya za ubavuni na mabamba 2,200 ya shaba. Kila mwaka unaopita bila uamuzi, shaba hiyo inalika na nafasi inapungua.