Nyinyi Lipieni, Mimi Natunza

Jana baada ya laasiri, barazani kwetu Mwembetanga, vijana wawili nusura washikane mashati. Wanabishania programu za kusikilizia muziki simuni: mmoja Spotify, mwengine Boomplay. Huku sauti safi, kule bando haliliki sana. Mpwa wangu kachoka kuamua, kanigeukia: "Mjomba, wewe unalipia ipi?"

Silipii hata moja. Wakacheka. "Mwacheni, huyo wa memori kadi!"

Haya, mimi wa memori kadi. Lakini mwezi uliopita harusini, kwenye taarab, nilikaa na mama yangu, ambaye siku hizi ngazi tatu hazimalizi bila ya kuvuta pumzi. Ulipofika ubeti ule, ule wake, kainuka. Noti ya elfu tano kaikunja kati, kashika njia polepole huku mabega yanacheza, mpaka mbele, kaitia mkononi mwa mwimbaji. Mwimbaji kainamisha kichwa, neno hakukata. Mama karudi kitini kama aliyepandishwa cheo.

Sasa niambieni, kwenye simu mama anamtunza nani?

Spotify waliingia Tanzania 2021, na utaratibu wao hawaufichi. Pesa zetu zinatiwa chungu kimoja, wanakata chao, kilichobaki kinagaiwa kwa kutazama nani kasikilizwa zaidi na watu wote. Nisikilize taarab asilia mwezi mzima, nisiguse chengine, sehemu kubwa ya noti yangu bado itakwenda kwa mtu ambaye hata jina lake sijapata kulisikia. Yaani mama anyanyuke na magoti yake yale, afike jukwaani, amtunze bwana wa harusi ya mtaa wa pili!

Na wimbo ukichezwa sekunde 30 ushahesabiwa mara moja. Wetu wa dakika kumi na mbili, sekunde 30 fidla hata hazijatulia, mwimbaji yuko kitini anajipangusa jasho. Mara moja. Wa dakika mbili nao mara moja. Tangu 2024 wakaongeza na hili: wimbo usiofikisha mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi kitu. Asante sana. Ikhwan Safaa, kikundi chetu cha taarab Unguja, wapo tangu 1905, waje leo kutafuta elfu moja ya kuombea mlango.

Msiniambie ndivyo kompyuta zilivyo, haiwezekani vyengine. SoundCloud, nao wa muziki wa mtandaoni, mwaka huo huo wa 2021 walianza kuwalipa baadhi ya wasanii wao kwa kufuata pesa ya msikilizaji mwenyewe inakokwenda. Kumbe inawezekana, ikitakwa.

Sauti safi, nakubali. Na ndugu zetu wa Muscat wanavipata vya kwetu bila ya kungojea msafiri, hilo nalo nalikubali, ingawa roho inaniuma. Lakini Siti binti Saad alipotia sauti kwenye santuri kule Bombay 1928, aliyeinunua santuri ilikuwa yake. Wewe ukikosa kulipa mwezi mmoja, nyimbo ulizojiwekea simuni zinafungwa.

Nikadhani nimewamaliza. Mpwa wangu katoa simu mfukoni, uso mkavu kabisa.

"Sawa, mjomba. Yule aliyetunzwa na bibi, nipe namba yake nimrushie elfu tano sasa hivi."

Namba sina. Jina lake lenyewe, nikikumbuka vizuri, sikuuliza.

Nikaita kahawa nyengine.