Taka za hoteli zinataka mnunuzi, si semina

Uchumi wa mzunguko, yaani kilichotumika kirudi kutumika badala ya kutupwa, umekuwa wimbo wa warsha hapa Zanzibar. Ningekuwa na uwezo, warsha ijayo ningeifanyia Wawi, Chake Chake, kisiwani Pemba, uani mwa kiwanda kinachokamua mafuta ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu.

Pemba, usiku wa msimu, nyumba nzima huchambua karafuu ukumbini, viganja vinanata mafuta. Karafuu zinakwenda huku, makonyo kule. Asubuhi vyote viwili vinaanikwa, na makonyo yakikauka yanatiwa guniani, yanauzwa ZSTC, shirika la biashara la serikali, na kukamuliwa mafuta. Mkulima hajahubiriwa mazingira hata siku moja. Anajua bei na anajua pa kupeleka, basi.

Chupa ya bia iliyonywewa hotelini Paje, pwani ya Unguja, haina bahati hiyo. Wapo wanaozikata wakafanya bilauri na taa, na kazi yao safi, ila hoteli zinaota kwa kasi kuliko mikono yao. Ya plastiki ndiyo taabu zaidi: ikiokotwa, inangoja kuvuka bahari kwenda viwanda vya Dar es Salaam, na hapo hamali na nauli ya meli vimeshaila faida. Inayobaki inaishia jaani Kibele.

Tunajisifu, na haki yetu, kwamba mifuko ya plastiki tuliipiga marufuku mwaka 2006, Bara wakaja 2019. Lakini kukataza ni rahisi. Kazi ni kujua kilichokwisha ingia kitatokaje.

Hapo ndipo tunapopwaya. Mwekezaji anaanzia ZIPA, mamlaka ya uwekezaji, leseni anakata Kamisheni ya Utalii, mambo ya mazingira ni ya mamlaka nyingine, ZEMA, halafu taka zinamwangukia baraza la mji au halmashauri, ambayo haikuulizwa wakati hoteli inapimiwa kiwanja. Mali bila daftari hupotea bila habari, na taka ni mali.

Ningeifunga leseni ya kila mwaka na karatasi moja: chupa ngapi zimeingia, ngapi zimetoka, nani kazipokea. Ada ya hoteli ilipe nauli ya meli, na kila shehia ya pwani iwe na mizani na bei imeandikwa ubaoni, ili kijana anayeokota asipunjwe na dalali. Wenye hoteli watanung'unika. Wanung'unike, bei ya chumba kimoja kwa usiku mmoja inasafirisha magunia mengi. Wilaya ya Kusini ianze, maana Paje na Jambiani zote ziko kwake.