Usugu wa VVU ni Ushahidi wa Dawa Iliyomezwa

Mwaka 2021 nilimsindikiza shangazi yangu kwenye kliniki moja ya pwani ya Kenya alipoitwa kuchukua majibu ya kipimo cha wingi wa virusi. Majibu yalikuwa juu ya kopi 1,000 za virusi kwa mililita ya damu, yaani dawa ilikuwa haivizuii ipasavyo. Muuguzi alivimwaga vidonge vilivyobaki kwenye sahani ya chuma, akavihesabu viwili viwili kwa ncha ya kalamu, kisha akasema bila ukali wowote: "Mama, ukicheza na dawa, virusi vitakuwa sugu." Shangazi akajibu, "Sista, mimi sijacheza." Mazungumzo yakaishia hapo, faili ikaandikwa kwamba ufuasi wake wa dawa ni duni, naye akairudisha mkobani chupa ambayo siku zote huijaza pamba ili isilie ndani ya matatu.

Onyo la muuguzi linabeba msimamo ulioenea katika huduma za VVU, kwamba usugu, yaani virusi kutodhurika tena na dawa, ni matokeo ya uzembe na kwamba dawa yake ni nidhamu. Upo msimamo wa pili, unaosema kwamba usugu huzaliwa na jinsi virusi vinavyojinakili vikikutana na mapengo ya tiba, na kwamba mapengo mengi hayakufunguliwa na mgonjwa. Huu wa pili husikika kwa nadra vyumbani mwa ushauri nasaha, pengine kwa sababu unaonekana kama unamtafutia mgonjwa kisingizio.

Kimeng'enya kinachonakili vinasaba vya VVU hakina uwezo wa kusahihisha makosa yake. Jenomu ya kirusi hicho ina herufi zipatazo 9,700, na kosa moja hutokea kwa wastani katika kila nakala chache. Kwa mtu asiyetumia dawa, virusi vipya vinavyozalishwa kwa siku hukadiriwa kufikia bilioni 10, kiasi kwamba karibu kila badiliko la herufi moja linaloweza kutokea hutokea mwilini mwake kila siku. Kwa hiyo virusi vinavyoweza kuistahimili dawa fulani mara nyingi vimo mwilini kabla ya kidonge cha kwanza kumezwa, ila ni vichache na havina faida yoyote ya kuwazidi wenzao. Dawa ndiyo inayowapa faida hiyo. Zidovudine, dawa ya kwanza ya VVU, iliidhinishwa Marekani mwaka 1987 ikitumiwa peke yake, na kufikia 1989 virusi sugu vilikwisha kuripotiwa kwa waliokuwa wakiimeza. Tangu 1996 dawa tatu hutolewa kwa pamoja, kwa kuwa ni vigumu mno kwa kirusi kimoja kupata kwa bahati mabadiliko yote yanayohitajika kuzishinda zote kwa wakati mmoja.

Jambo linalofuata kutoka kwenye maelezo hayo husahaulika kirahisi. Mtu asiyemeza dawa kabisa havipi virusi vyake sababu yoyote ya kuwa sugu. Wingi wake utapanda, ataugua, lakini virusi vyake vitabaki vilivyo. Usugu humpata anayemeza, ila dawa ikawa haimtoshi, au ikawa inakatika. Isipokuwa kwa mtu aliyeambukizwa virusi ambavyo tayari ni sugu, kipimo cha vinasaba kinapoonyesha usugu, kinatuambia kwamba mtu huyu dawa imo mwilini mwake, au ilikuwamo si zamani.

Utafiti wa EARNEST, uliofanyika Uganda, Zimbabwe, Malawi, Kenya na Zambia na kuchapishwa mwaka 2014, uliwafuatilia watu 1,277 ambao tiba yao ya kwanza ilikuwa imeshindwa. Watafiti walipochambua baadaye vinasaba vya virusi vya washiriki, walikuta kwamba waliokuwa na usugu mwingi dhidi ya dawa zilizoandamana na lopinavir, dawa kuu ya tiba yao ya pili, ndio waliofanya vizuri zaidi katika tiba ya pili. Ukisoma kwa mantiki ya kawaida utadhani kuna makosa ya uchapaji, kwa sababu tungetarajia aliyebakiwa na dawa nyingi zinazofanya kazi ndiye apone vizuri. Maelezo waliyoyatoa ni kwamba walioshindwa tiba ya kwanza bila usugu mwingi walikuwa hawamezi dawa ipasavyo na wakaendelea hivyo, ilhali wenye usugu walikuwa wamezoea kumeza. Nimelirudia tokeo hili mara nyingi, na kila mara namkumbuka muuguzi na sahani yake, kwa kuwa yule anayeitwa mzembe kwa sababu ya usugu anaweza kuwa ndiye mmezaji hodari kuliko wenzake.

Zaidi ya hao wapo akina mama wa Kampala. Mwaka 1999 utafiti wa HIVNET 012 ulionyesha kwamba kidonge kimoja cha nevirapine, dawa ya VVU, wakati wa uchungu, pamoja na dozi moja ya mtoto, kilipunguza maambukizi kwa watoto wachanga kwa karibu nusu kikilinganishwa na zidovudine ya muda mfupi. Ilikuwa habari njema sana, na watoto wengi wako hai leo kwa sababu yake. Lakini nevirapine hukaa katika damu kwa siku nyingi, na katika siku hizo virusi vya mama vilikutana na dawa moja tu, bila wenzake. Wiki chache baada ya kujifungua, kati ya mmoja kwa watano na mmoja kwa wanne wa akina mama waliopimwa walikuwa na virusi sugu. Walimeza walichopewa, siku waliyoambiwa, bila kubakiza hata chembe. Na usugu wa aina hii huambukizwa: ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba katika nchi 12 kati ya 18 zilizochunguzwa, zaidi ya asilimia 10 ya watu wanaoanza tiba tayari walikuwa na virusi sugu kwa nevirapine au efavirenz, dawa ya jamii moja nayo.

Upande wa nidhamu, hata hivyo, una hoja ambayo siwezi kuipita, na imepata nguvu tangu dolutegravir, dawa mpya zaidi ya VVU, ilipokuwa chaguo la kwanza linalopendekezwa. Dawa hii ni ngumu kuzoeleka kwa virusi, kwa hiyo mtu anayeitumia wingi wake unapopanda, uwezekano mkubwa ni kwamba vidonge havifiki mwilini, wala si kwamba vimeshindwa. Kumbadilishia dawa haraka ni kumpeleka kwenye tiba ya gharama kubwa na vidonge vingi zaidi ilhali ile ya kwanza ingali nzima. Wengi wao virusi hupungua tena wakisaidiwa kumeza, na anayesisitiza ufuasi kwa mgonjwa wa namna hii anasisitiza jambo sahihi.

Tatizo langu ni pale msisitizo unapogeuka hukumu. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2024 ilitaja usugu dhidi ya dolutegravir wa kati ya asilimia 3.9 na 8.6, lakini ukafika asilimia 19.6 kwa watu waliohamishiwa dawa hiyo huku virusi vyao vikiwa vingi. Mgonjwa hajihamishi mwenyewe. Anayeamua kuhamisha watu bila kusubiri kipimo ni mpango wa tiba, na huenda uamuzi ulikuwa wa busara kwa wengi, lakini hesabu yake haipaswi kuandikwa kwenye faili la mtu mmoja.

Neno lenyewe linatutisha kupita kiasi. Sugu ni ile ngozi ngumu ya kiganja cha mwenye kushika jembe. Humkinga, lakini vidole hupoteza wepesi wa kuhisi. Badiliko la vinasaba liitwalo M184V, linalofanya dawa ya lamivudine ishindwe, huviacha virusi vikijinakili kwa udhaifu na kuviongezea wepesi wa kudhuriwa na dawa nyingine, tenofovir, ndiyo maana madaktari mara nyingi huibakiza lamivudine hata baada ya usugu kuonekana. Utafiti wa NADIA wa Uganda, Kenya na Zimbabwe ulikuta kwamba tenofovir na lamivudine zilizorudiwa pamoja na dolutegravir au dawa nyingine iitwayo darunavir ziliwafubazia virusi washiriki wengi, hata waliokuwa na usugu dhidi ya tenofovir na lamivudine. Mgonjwa anayeambiwa "umekuwa sugu" hasikii lolote kati ya haya. Anasikia kwamba njia imefungwa.

Mwaka ule wa 2021 shehena ya dawa za msaada ilikwama bandarini Mombasa kwa mvutano wa kodi, wagonjwa wakaandamana, na vituo vikaanza kugawa dawa za muda mfupi badala ya miezi mitatu. Shangazi alikuwa akipewa za wiki mbili. Safari moja ya kliniki ikawa sita katika kipindi kilekile, na kila safari ilikuwa na nauli yake. Kwa safari mbili kati ya hizo nauli hakuipata. Muuguzi alihesabu vidonge kwa usahihi, wala hakuuliza jambo hilo, na shangazi hakulitaja kwa sababu aliulizwa kama amecheza.