Fizikia haikupotea bure

Kuna mwandishi anayedai kwamba aliyesomea fani moja akaishia kufanya kazi nyingine amepoteza miaka yake chuoni. Hapo sikubaliani naye. Angela Merkel alisomea fizikia, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1986 kwa utafiti wa kemia, kisha akawa kansela, yaani mkuu wa serikali, wa Ujerumani kuanzia 2005 hadi 2021. Nani atasema ile fizikia ilipotea bure?

Udaktari ni habari nyingine, bila kuusomea huingii, na ndivyo inavyofaa (sitaki kupasuliwa na mwanahistoria, hata awe hodari vipi). Lakini mimi nilisoma isimu, yaani sayansi ya lugha, leo nachambua takwimu. Hesabu nyingi nilijifunzia kazini. Kilichonibeba ni yale mazoea ya chuoni ya kuuliza: hili umelijuaje?